Habari Itokayo Mirihi



Kuna ugomvi mdogo ulioingia katika nyumba zetu nyingi siku hizi, nao hauhusu mali wala ndoa. Ni ugomvi juu ya picha. Kijana huja na simu yake, akamwonyesha babu yake jangwa lenye mawe mekundu, akasema: "Babu, hii ni Mirihi. Kuna gari linatembea huko, na hizi ndizo picha zake." Babu huitazama, akairudisha simu, akajibu: "Mjukuu wangu, hiyo ni sinema." Kijana hunyamaza kwa adabu, lakini moyoni hakuridhika. Siku ya pili huleta picha nyingine, ya mlango uliochongwa katika jabali la huko huko Mirihi, na siku ya tatu huleta sauti za watu waliao, naye aziamini zote sawasawa na ile ya kwanza. Hapa kwetu Soweto, katika mji wa Mbeya, tumeulizwa jambo hili na wazazi na vijana mara nyingi, hata tumeona yafaa tulipe ukurasa wetu wa mwezi huu.

Twasema tangu mwanzo kwamba gari lipo. Babu amekosea katika picha ya kwanza, na mjukuu amekosea katika ya pili na ya tatu. Lakini kosa lao ni moja. Yule amekataa yote, huyu amekubali yote, wala hapana kati yao aliyeuliza: habari hii imetoka kwa nani, na imepita mikono mingapi hata ikatufikia?

Ama sayari yenyewe, jina la Mirihi tumelipokea kutoka kwa Waarabu, na wazee wetu waliojua nyota walilitumia. Ni ile nyota nyekundu isiyometameta kama nyingine, na katika nyakati zake huonekana wazi juu ya milima yetu bila ya darubini. Wekundu wake ni wa kutu, kwa kuwa udongo wake una chuma kingi. Mwaka wake ni siku 687 za kwetu. Hewa yake ni hafifu mno, haifiki hata sehemu moja katika mia ya uzito wa hewa tuvutayo. Inapotukaribia sana huwa mbali nasi kiasi cha kilomita milioni 55, na inapokuwa upande wa pili wa jua hufika kiasi cha milioni 400.

Gari la kwanza kutembea huko liliitwa Sojourner, nalo lilitua Julai 1997. Uzito wake ulikuwa kilo 10 na kidogo, na mwendo wake wote ulikuwa kiasi cha mita 100, yaani pungufu ya urefu wa uwanja wa mpira. Januari 2004 yakatua mawili, Spirit na Opportunity. Agosti 2012 likatua Curiosity, lenye uzito wa kilo 899, na tarehe 18 Februari 2021 likatua Perseverance, lenye kilo 1,025. Hayo mawili ya mwisho yangali yakifanya kazi. Yote matano ni ya NASA, idara ya Marekani ya mambo ya anga. Wachina nao walitua gari lao, Zhurong, mwezi Mei 2021. Likaenda karibu kilomita 2, kisha likalala kwa baridi na vumbi mwaka 2022, wala halikuamka tena. Majina ya yale ya Kimarekani yalichaguliwa katika insha za watoto wa shule. Aliyeleta jina la Curiosity, maana yake udadisi, alikuwa msichana wa miaka 12. Twalitaja hili kwa ajili ya mabinti zetu wasomao ukurasa huu.

Watu wengi hudhani ya kuwa yuko dereva ameketi Marekani na usukani mkononi, akikata kona huku akitazama kioo. Haiwezekani. Neno lirushwalo kutoka hapa kwa mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya mwanga, na hata hivyo huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kufika Mirihi, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Dereva angeona shimo, akakanyaga breki, na gari lingekuwa limekwisha tumbukia zamani.

Basi hufanya kama mama afanyavyo anapomtuma mtoto dukani asikoweza kumwita tena. Humwambia yote mapema: pita njia hii, ukifika penye mfereji tazama, maji yakiwa mengi usivuke, simama hapo hapo unisubiri. Kila asubuhi ya Mirihi gari hupelekewa maagizo ya kutwa. Huenda, hupima mteremko, hutazama mawe kwa macho yake mawili ya mbele, na likiona hatari ambayo halikuagizwa jinsi ya kuikabili, husimama. Jioni hupeleka habari zake kwa vyombo vizungukavyo juu ya sayari ile, navyo huzileta kwetu. Ndipo watu hukaa, hutazama picha, hushauriana, huandika maagizo ya kesho. Kwa njia hiyo Opportunity lilikwenda kilomita 45 na kidogo, na lilichukua miaka 14. Lau lingeondoka Soweto kuelekea Tunduma kwa mwendo ule, lisingefika hata Vwawa. Malori ya barabara yetu yangelicheka.

Siku ya Mirihi ni ndefu kuliko yetu kwa dakika 39 na sekunde kadhaa. Jambo dogo hili liliwasumbua sana wale walioagiza magari, kwa kuwa iliwapasa kuamka na asubuhi ya Mirihi wala si ya kwao. Leo huanza kazi saa mbili asubuhi, kesho karibu saa tatu, na baada ya wiki tatu na nusu huanza usiku wa manane. Sonara mmoja wa saa huko California aliwatengenezea saa za mkononi zilizocheleweshwa kwa makusudi. Curiosity lilipotua, baba mmoja katika kazi ile aliamua kuishi saa za Mirihi pamoja na mkewe na watoto wao watatu kwa muda wa mwezi mzima, wakala chakula cha asubuhi mchana na wakatembea mjini usiku wa kucha. Nyumba iliyozoea kuamka daku, na kuuona mwezi wa Ramadhani ukirudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, haitaona ajabu kubwa. Sisi twajua tangu utotoni kwamba kalenda za watu si moja.

Sasa turudi kwenye habari na wachukuzi wake. Vijana wetu waliopita chuoni wamefundishwa kwamba wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na uzuri wa maneno. Waliuliza mlolongo wa wapokezi, isnadi, mtu baada ya mtu. Tena walitofautisha baina ya mpokezi aletaye maneno kwa lafudhi yake na yule aletaye maana kwa maneno yake mwenyewe. Hatusemi kwamba habari za magari ni sawa na habari za dini. Hasha. Lakini kipimo chema hakikatazwi kupimia unga kwa sababu jana kilipimia mchele.

Tazameni yaliyotokea juu ya Opportunity. Katikati ya mwaka 2018 tufani la vumbi lilienea Mirihi yote. Gari lile lilikuwa likiishi kwa nguvu za jua, na jua likafunikwa. Tarehe 10 Juni 2018 lilileta habari yake ya mwisho. Watu walilipelekea maagizo zaidi ya elfu moja kuliamsha, na tarehe 13 Februari 2019 wakatangaza kwamba kazi yake imekwisha. Punde yakaenea duniani maneno ambayo twaambiwa ni ya mwisho wa gari hilo: kwamba betri yake iko chini na giza linaingia. Watu wazima walilia. Maneno hayo yaliandikwa juu ya fulana na katika kadi, na hapa kwetu tumeyaona katika simu za vijana.

Gari halikusema hivyo. Gari halisemi. Lilileta tarakimu: kiasi cha umeme uliobakia, na kiasi cha giza la anga kama lilivyopimwa. Mwandishi mmoja wa habari wa Marekani, baada ya kuzungumza na wenye kazi, aliwaeleza watu kwamba habari ile ya mwisho ilikuwa, kwa maana yake, kama kusema hivyo. Yeye hakudanganya. Aliweka neno la kuonyesha kwamba anatoa maana tu. Lakini waliopokea kwake waliliacha neno lile dogo, na waliopokea kwa hao wakaweka alama za kunukuu, na maana ikageuka lafudhi. Hapo hapana mwongo hata mmoja, na habari imeharibika. Sisi twaona mfano huu wafaa kusomeshwa katika vyuo vyetu, kwa kuwa wanafunzi hudhani habari huharibiwa na waongo peke yao.

Ule mlango wa kijana wetu nao una asili yake. Tarehe 7 Mei 2022 Curiosity lilipiga picha ya jabali, na ndani yake pakaonekana ufa wenye pembe zilizonyooka. Picha ni ya kweli. Lakini aliyeikata akaiacha bila ya mawe ya kando ameficha kipimo chake, kwani ufa ule haufiki nusu mita kwa urefu. Hata paka wa nyumbani angeinama kidogo. Jambo la namna hiyo lilitokea zamani vilevile, mwaka 1976, pale chombo Viking 1 kilipopiga kutoka juu picha ya kilima kilichofanana na uso wa mtu kwa sababu ya vivuli. Mwaka 2001 ikapigwa picha bora zaidi, na uso ukawa kilima. Ama uvumi urudio kila Agosti, kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi mpevu, chanzo chake ni mwaka 2003. Tarehe 27 Agosti mwaka ule Mirihi ilitukaribia kuliko ilivyotukaribia kwa karibu miaka 60,000. Habari ilikuwa ya kweli, tena ilisema kwamba ndani ya darubini ndipo itakapoonekana kama mwezi uonekanavyo kwa macho. Darubini ikaanguka njiani, tarehe ikaachwa, na uvumi ukawa wa milele. Na zile sauti za watu waliao ni uzushi mtupu. Sauti za kweli zilizonaswa na Perseverance tangu 2021 ni za upepo, za magurudumu yake juu ya mawe, na za helikopta ndogo iliyokwenda nayo.

Babu naye ana hoja zake, na tusimdharau. Aliuliza swali ambalo vijana wengi walishindwa kulijibu: ikiwa hakuna mtu huko, nani aliyelipiga picha gari zima, kutoka mbele, kama bwana harusi? Jibu ni kwamba gari lina mkono mrefu wenye kamera nchani. Hupiga picha nyingi, moja baada ya nyingine, na watu huziunganisha hapa duniani ziwe moja, na sehemu ambazo mkono ungeonekana huchukuliwa kutoka picha nyingine. Akasema pia kwamba picha moja ni ya rangi ya machungwa na nyingine ya buluu kidogo, na hali ni pahali pamoja. Ni kweli. Wataalamu wa mawe huzibadili rangi baadhi ya picha zionekane kama zilipigwa chini ya mwanga wa kwetu, ili walitambue jiwe kama walijuavyo. Picha ghafi zenyewe huwekwa hadharani na NASA, na kila moja ina siku yake ya Mirihi na jina la kamera yake. Kijana atakaye kumjibu babu yake aanzie huko, asianzie kwa rafiki aliyempelekea.

Lakini babu aweza kusema: wote hao ni Wamarekani, na mtu hujishuhudia mwenyewe. Hoja hii ni nzito kuliko zote, nasi twaipenda. Jibu lake ni lile la habari iliyopokewa kwa njia nyingi, na watu wasioweza kupatana juu ya uongo. Mwezi Februari 2021, ndani ya siku kumi, walifika Mirihi watu wa mataifa matatu: tarehe 9 chombo Al-Amal cha Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wamekwenda kutafuta riziki, tarehe 10 chombo Tianwen-1 cha Wachina, na tarehe 18 Perseverance la Wamarekani. Wahindi walikuwa wamekwisha fika tangu 2014. Marekani na China hawapendani katika mambo haya, na kila mmoja angefurahi kumfedhehi mwenzake. Hata hivyo Zhurong lilipotua, chombo cha Wamarekani kilichokuwa juu kililipiga picha likiwa chini, na kikatoa ushahidi kwamba Mchina amesema kweli. Ushahidi wa mshindani hauna mfano.

Na bado uko ushahidi mwingine, ulio karibu na Soweto kuliko Washington au Beijing. Mtu akipanda gari la Tunduma, kisha akaiacha barabara kuu katika wilaya ya Mbozi, ambayo tangu 2016 imo katika mkoa wa Songwe, atafika kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, na hapo atakiona kimondo cha Mbozi. Urefu wake ni kiasi cha mita 3, na uzito wake hukadiriwa kati ya tani 12 na tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Serikali ya kikoloni ilipata habari zake mwaka 1930 kwa mpima ardhi aitwaye Nott. Wakati huo sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa. Udongo ukachimbwa pembeni, na nguzo iliyobaki chini yake ikajengewa kwa zege. Hakuna shimo la kuangukia lililosalia, wala wazee wa pale hawana masimulizi ya siku kilipoanguka, na kwa hiyo wataalamu hukata kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Ni chuma, kiasi cha asilimia 90, na iliyobaki karibu yote ni nikeli. Katika ncha yake kuna alama ya msumeno. Waliokata kipande cha kupima walitumia saa nyingi, kwa kuwa chuma kile ni kigumu mno.

Sasa sikilizeni. Januari 2005 Opportunity lilikuwa likikagua mabaki ya ngao yake lenyewe, ile iliyolikinga na moto wakati wa kushuka, na kando ya mabaki hayo likaona jiwe pweke, ukubwa wake kama mpira. Lilipolipima joto kwa mbali, jiwe liliakisi anga kama kioo, jambo ambalo mawe ya kawaida hayafanyi. Likasogea, likanyoosha mkono, na vipimo vikaonyesha chuma na nikeli. Kilikuwa kimondo, cha kwanza kupatikana katika sayari nyingine. Gari lile lilikuwa na kinoo cha kusaga mawe ili kuona ndani, lakini wenye kazi hawakuthubutu kukitumia. Waliogopa chuma kingekiharibu, wakalipangusa vumbi kwa brashi tu. Mei 2014 Curiosity nalo likakuta kimondo cha chuma chenye upana wa kiasi cha mita 2, ndugu halisi wa kile chetu.

Babu hawezi kwenda Mirihi. Lakini nauli ya Mbozi si kubwa. Akiweka kiganja chake juu ya chuma kile cha baridi, akaitazama ile alama ya msumeno, atafahamu kwa nini watu walio mbali kilomita mamilioni walihofia kinoo chao. Mtunga sinema hujishughulisha na mambo ya kutisha na kufurahisha. Hafikirii kuandika kwamba chombo kilikutana na jiwe kikaogopa kulisaga. Wazazi wenye uwezo wawachukue watoto siku ya mapumziko, na wawahimize wasikwangue.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo litakaloleta ugomvi mpya majumbani. Julai 2024 Perseverance, likipita katika mkondo wa mto uliokauka tangu zama za kale kando ya bonde la Jezero, bonde lililokuwa ziwa zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, lilikuta jiwe lenye madoa kama ya chui. Likatoboa, likatia kipande katika kibomba, likakifunga. Septemba 2025 wataalamu waliandika kwamba madoa kama hayo duniani huweza kufanywa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwa hiyo yawezekana kuwa ni alama ya uhai wa kale. Katika maandiko yale yale walisema kwamba huweza kufanywa pia bila ya uhai wowote, na kwamba vyombo vya gari havitoshi kukata shauri. Simu za vijana zilipokea nusu ya kwanza: uhai umepatikana Mirihi. Wazee waliposikia hivyo walikataa yote.

Jibu la jambo lile limo ndani ya kibomba, na kibomba kimo tumboni mwa gari, pamoja na vingine. Vibomba kumi zaidi vimewekwa juu ya mchanga wa Jezero tangu Januari 2023, kwa tahadhari, gari lisije likafa navyo vyote. Mpaka sasa hakijakwenda chombo chochote kuvichukua.